Jiwe Lililomvuta Mzee Filipo

Wajukuu zangu,

Nimesikia mmelipiga picha lile jiwe linaloning'inia nje ya jiko langu, mkaliulizia kwenye simu, na simu ikawajibu kwamba ni kitu adimu kinachouzwa kwa gramu kama bizari. Nimesikia pia kuna mnunuzi anakuja Jumamosi, na kwamba kati yenu yupo aliyekwisha chagua rangi ya pikipiki. Sikasiriki. Mimi nilikuwa mpimaji wa mawe pale Makambako, nimeona ndugu waliogombania nyumba ya ghorofa kabla jiwe lenyewe halijafutwa udongo. Mnataka nitaje bei kabla mnunuzi hajafika. Nitaitaja. Ila kaeni kwanza, maana mkiuza kitu msichokijua mtakuwa mmejiuzia wenyewe mbuzi kwenye gunia.

Kazi hiyo niliianza enzi za ruksa. Kabla ya hapo nilikuwa muuzaji wa duka la ushirika, na kazi yangu hasa ilikuwa kuwaambia watu kwamba sukari haipo. Duka lilipofungwa hakuna aliyegundua ila mimi. Kisha biashara zikafunguliwa, na Makambako yote ikashikwa na homa ya mawe. Kinyozi wa karibu na stendi aliandika mlangoni NYWELE NA MADINI. Muuza nyama aliweka vipande vya ulanga vinavyometameta kando ya maini, na wateja wakawa wanauliza ni vya mnyama gani.

Aliyeniajiri alikuwa Mzee Shomari, mtu wa Singida, mwenye lori moja la kubeba mbao na viazi. Alikuwa muungwana, mcha Mungu, hajui jiwe hata moja, lakini aliyaamini yote. Mpimaji wake wa kwanza alikuwa Mzee Mligo, ambaye ujanani alibeba vyombo vya wataalamu wa miamba huko Ludewa, akabeba na akili zao pia. Macho yake yalipoanza kuchoka akatafuta mtu wa kumrithisha, akanichukua mimi kwa sababu, alisema, nilikuwa nimezoea kuwakatalia watu bila kugombana nao.

Alinifundisha hivi, nanyi mshike, maana simu haina mikono. Jiwe linalong'aa usilitazame usoni, uso wake ndio unaodanganya. Chukua kikombe cha kauri kilichovunjika, geuza kitako pale pasipong'aa, lisugue. Dhahabu itaacha mstari wa dhahabu. Kile kijiwe cha njano kinachowatia watu wazimu kitaacha weusi wa masizi. Kisha funga uzi kwenye sumaku ya spika ya redio mbovu, ining'inize karibu nalo uone kama inageuza shingo. Kisha mizani ya kuning'iniza: lipime hewani, halafu lizamishe kwenye ndoo likiwa bado linaning'inia. Jiwe la kawaida likiingia majini uzito wake hupungua kama theluthi. Chuma hupungua kidogo tu, maji yanamwona mzito hayajisumbui naye. Mwisho kabisa ndipo unashika tupa, unakwangua mahali padogo, unaona ndani pana rangi gani.

Lakini kabla ya hayo yote Mzee Mligo alikuwa na swali moja, na hakuna jiwe lililopanda mezani kwake bila kuulizwa hilo: "Nyumbani lilikuwa linafanya kazi gani?"

Mimi mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaona busara yake. Huku kwetu hakuna kitu kizito kinachokaa bure. Jiwe litazuia mlango, litakandamiza mfuniko, litavunja karanga, litafungiwa kamba ya mbuzi. Likikaa jikoni moshi umelibadilisha rangi. Likisugua ngozi limepata mng'ao wa uongo. Na asiyejua jiwe lake lilikuwa linafanya kazi gani, basi ameliokota njiani au ni la mwenzake. Pia, alisema Mzee Mligo, ukilinunua jiwe lenye kazi lazima ujue nani atabaki akiifanya, usije ukaacha mlango wa mtu unapigwapigwa na upepo.

Msidhani nilielewa haraka. Mwezi wangu wa kwanza alikuja bwana mmoja kutoka Ludewa na kipande cheusi, kina mapovu yaliyoganda, kinang'aa kama kioo. Nilikitazama, nikakisifia mpaka mate yakakauka. Nilisema sijawahi kuona kitu kama hicho, na ni kweli sikuwahi. Mzee Mligo akakichukua, akakizungusha, akanirudishia.

"Hongera, Imelda," akasema. "Umetoa bei nzuri kwa mavi ya chuma."

Ndivyo yanavyoitwa, msicheke. Ni takataka zinazobaki kwenye tanuri la wahunzi. Mwenye nayo alichukia, akayafunga tena kwenye kitenge, akaondoka akisema atatafuta mpimaji mwenye heshima.

Mwingine alifika na jiwe lake akalikodishia chumba kwenye nyumba ya wageni, kitanda kizima na blanketi, yeye akalala chini kwa kuwa chumba kilikuwa na kitanda kimoja. Nilipokwenda kulipima alinionya nisiongee kwa sauti. Lilikuwa jiwe la kusagia, limevunjika nusu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Na ya Firauni yalikuwa ya mchele. Sijui nani aliuleta uvumi ule, ila ulitapakaa nchi nzima kwamba madini ya thamani hasa, yale ya kumaliza shida za ukoo, huvuta mchele. Unamwaga punje mezani, unalisogeza jiwe, punje zinalirukia. Mzee Shomari aliamini hivyo kuliko alivyoamini kitako changu cha kikombe. Aliweka mkebe wa mchele wa Kyela kwenye kabati akaufunga kwa kufuli. Lazima uwe wa Kyela; wa sehemu nyingine, alisema, haukuwa na hisia. Siku moja jiwe la mtu lilivuta kweli. Punje zililirukia na kung'ang'ania, Mzee Shomari akasema "Allahu Akbar" akakaa chini. Mimi niliona msururu wa sisimizi umepanda mguu wa meza, unalifuata jiwe lile lile. Nilililamba. Lilikuwa limepakwa asali.

"Kwa hiyo linavuta na sisimizi," akasema Mzee Shomari, bado ana matumaini.

Sasa nifike Matembwe, kule Lupembe, ndiko linakotoka hilo mlilolipiga picha.

Dereva wa mbao alituletea habari kwamba kwa bibi mmoja huko kuna jiwe linalolia. Mzee Shomari hakulala na habari hiyo. Kulipokucha tukapanda lori, mimi, yeye na mkebe wa mchele. Ukungu wa Lupembe mnaujua. Tulifika bila kuuona mlima wowote, tukapaki kwenye kitu ambacho baadaye tuliona ni bustani ya maboga. Mwenye maboga akatoka, bibi mfupi aliyejifunga shuka mbili, jina lake Yustina.

"Kamwene," akatuamkia. "Mmekuja kulisikiliza au kulinunua? Kusikiliza ni bure."

Lilikuwa limening'inizwa kwenye boriti ya baraza kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Ukubwa wake kichwa cha mbuzi, katikati limeingia kama kiuno, na ngozi yake nyeusi imejaa vishimo kama unga uliobonyezwa kwa dole gumba. Nilipotaka kuliinua kidogo nilipime, mkono wangu ukakataa. Nikasogeza sumaku, ikaruka ikaligonga. Kwenye kitako cha kikombe likakwangua kauri badala ya kuacha mstari. Bibi Yustina akaniruhusu kutia tupa upande wa nyuma tu, "pale lisipoona haya," na chini ya weusi pakatokea mng'ao mweupe, safi, wa chuma ambacho hakuna mhunzi aliyewahi kukifua. Baba mkwe wake alilivunjia jembe wakati wa kulima, akalipeleka kwa wahunzi, wahunzi wakashindwa kulifua wakalirudisha.

 Mzee Mligo alinisimulia vya namna hiyo, akasema labda utakiona kimoja maishani, labda usikione. Kilikuwa kimondo, kipande cha chuma kilichoanguka kutoka juu. Baadaye unga wa tupa ile niliupeleka maabara nikaletewa jibu kwamba ndani yake mna nikeli, lakini siku ile nilikuwa najua tayari, na nilifurahi kama mtu aliyejifungua.

Nikamnong'oneza Mzee Shomari. Akafungua mkebe.

"Madam, wewe na chuma chako," akasema. "Ngoja tupate uhakika."

Akamwaga mchele kwenye ungo, akausogeza chini ya jiwe. Hakuna punje iliyojitikisa. Akausogeza karibu zaidi. Jogoo wa Bibi Yustina akatokea kwenye ukungu, akala uthibitisho wote. Bibi Yustina alikuwa anatutazama kama mtu anayetazama wageni wa serikali.

"Mchele wa nini, baba?"

"Jiwe la thamani huvuta mchele, mama."

"Hili halivuti mchele," akasema bibi. "Hili linavuta mume."

Hapo nikakumbuka kwamba sijauliza swali. Nikaliuliza: nyumbani linafanya kazi gani? Akatuambia kaeni mtaona.

Mume wake, Mzee Filipo, alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, lakini kila asubuhi na kila jioni alishuka bondeni kukata ncha za mianzi na kukusanya kinywaji kwenye mbeta, vile vikopo vya mwanzi. Kushuka hakukumsumbua, maana njia zote za kushuka zilikuwa zinafika kwenye mianzi. Kupanda ndiko kulikuwa na shida, njia zilikuwa nyingi na kila moja ilikwenda kwa mtu wake. Basi jua lilipoanza kuchoka Bibi Yustina akachukua jembe bovu akaligonga lile jiwe. Wajukuu zangu, sauti ile mnaijua. Ilitoka nyembamba, ikaenda mbali, ikakaa. Akagonga tena, taratibu, kama mtu anayeita huku akikoroga chungu. Tukasikia fimbo. Mzee Filipo akatoka kwenye ukungu na mbeta zake mgongoni, akaja mpaka chini ya jiwe, akalishika kwa kiganja likanyamaza.

"Pana wageni," akasema. "Pananuka dizeli."

Mzee Shomari alinitazama, mchele akausahau. Pale pale akataja bei ambayo ingeezeka bati kijiji kile na kanisa lake. Bibi Yustina hakushtuka.

"Chukua," akasema. "Lakini kwanza leta linaloweza kazi yake. Huyu nikimpoteza bondeni nitampata wapi mwingine, na umri huu?"

Mzee Shomari akacheka, akasema hilo ni jambo dogo. Ndipo ukaanza usaili wa ajabu kuliko wote niliowahi kuuona, na majirani wakaacha mashamba yao kuja kuutazama.

Wa kwanza kusailiwa alikuwa rimu ya tairi la akiba. Shule nyingi hutumia rimu kama kengele, tukasema huyu ana uzoefu. Jioni jiwe likavishwa blanketi lisije likamsaidia, rimu ikapigwa. Mzee Filipo akapanda, akaenda moja kwa moja kwa jirani, akakutwa amekaa kwenye banda la nguruwe akiwasalimu. Jioni iliyofuata kikaja kipande cha reli kutoka Makambako, sauti kali ya kutoboa masikio. Mzee akatokea barabarani, akaketi juu ya mbeta zake. Tulipomuuliza, akasema anasubiri treni. Ikapigwa honi ya lori. Safari hii mzee alifika bila kukosea: alifungua mlango, akaingia, akakaa kiti cha mbele akatangaza kwamba yuko tayari kwenda Njombe. Tulihangaika kumshusha.

Siku zilikwenda. Viazi nyuma ya lori vikaanza kuota. Mzee Shomari akawa mwenyeji, ana kiti chake barazani, anagombana na jogoo. Alipoishiwa vyuma alisimama, akatia vidole masikioni. Alikuwa muadhini ujanani huko kwao, na sauti bado alikuwa nayo. Akaita jina la Mzee Filipo kwa mvuto mrefu, mzuri, mpaka wanawake waliokuja kucheka wakanyamaza. Tukaambiwa baadaye na watoto waliokuwa bondeni kwamba Mzee Filipo alivua kofia, akaiweka kifuani, akasubiri sauti ile imalize. Kisha akavaa kofia yake akapanda njia ya kwa mjane mmoja, jambo lililompa Bibi Yustina neno la kusema wiki nzima.

Jioni ile Mzee Shomari akachoka. Bibi Yustina alipomwita mumewe kwa jiwe lake na mzee akafika kama kawaida, bosi wangu akamshika mkono.

"Baba, nikuulize bila kukuvunjia heshima. Masikio yako ni mazima?"

"Mimi ni kipofu," akasema Mzee Filipo. "Kiziwi ni nani hapa?"

"Kwa hiyo rimu uliisikia."

"Nilisikia zote. Hata hiyo yako, nayo ni nzuri sana."

"Sasa mbona hukuja?"

Mzee Filipo akatafuta kiti kwa mguu, akakaa.

"Zile zilisema pana kitu kinalia," akasema. "Kitu kikilia mimi nitakwendaje? Kila mahali pana vitu vinalia. Hili linasema Yustina ananitaka."

 Bibi Yustina akaingia jikoni ghafla, akawa anaosha sufuria ambayo ilikuwa imeoshwa tayari. Mzee Shomari akasimama akachukua rimu yake. Tulipoiona lami akasema tu, "Kwa kweli halivuti mchele," nami nikamwacha nayo.

Baada ya hapo, kila msimu wa ulanzi alipopita kuchukua mbao alishuka Matembwe kuwaamkia. Bei hakuitaja tena. Kufuli la mkebe wa mchele likaharibika, hakulitengeneza, tukaupika.

Miaka ikapita. Mzee Mligo alikuwa amekwisha tangulia, meza ilikuwa yangu peke yangu. Asubuhi moja akaingia bibi amebeba mtoto mgongoni kwa kitenge, mtoto mzito, maana alikuwa ameinama sana. Akamfungua akamweka mezani, na meza ikalalamika. Lilikuwa lile jiwe. Sikumtambua upesi, alikuwa amekonda. Mdomo wangu, kwa mazoea ya kazi, ukauliza wenyewe kabla akili haijafika: "Nyumbani lilikuwa linafanya kazi gani?"

"Wewe unaijua," akasema Bibi Yustina.

Mzee Shomari alisimama kutoka kwenye kiti chake cha pembeni. Akasema innalillahi, akampa pole kwa mikono miwili. Tulikaa. Nililia mimi, si yeye. Alipoona nimemaliza, Mzee Shomari akasema kwa sauti ndogo, "Mama, ile bei bado ipo. Naongeza."

"Sikuja kuliuza," akasema. "Nimekuja litafutiwe kazi. Juzi nililigonga kwa makosa, mkono ulizoea tu. Likaita. Hakuja mtu. Kitu kama hiki kikae bure kinaita hewa? Ni dhambi."

Bosi wangu akafikiri sana, akasema labda lizuie karatasi za ofisini. Bibi Yustina akamtazama mpaka akaomba radhi. Kisha akanigeukia mimi, akanisaili kama tulivyosaili rimu.

"Una watu wa kuita?"

"Ninao, bibi. Watoto."

"Wakiitwa wanakuja?"

"Wanachelewa. Nyumbani, mtaa wa Ramadhani, pana mchezo kila uwanja, sauti yangu haifiki."

Akaligusa lile jiwe kwenye kiuno, akalisukuma upande wangu.

"Watalizoea," akasema. "Usiligonge kwa hasira. Linajua."

Ndivyo lilivyofika kwetu. Liliwaita mama zenu na baba zenu, wakaja na miguu ya vumbi wakanawa. Limewaita ninyi. Nimewaona mkisimama katikati ya mchezo, mpira miguuni, mnageuza shingo kama ile sumaku yangu ya spika.

Sasa bei. Nimepima mawe miaka mingi na hili ndilo la thamani kuliko yote yaliyopanda mezani kwangu, simu yenu haikudanganya. Mwambieni mnunuzi wa Jumamosi aje, nitampikia chai. Nitamwambia kama nilivyosikia mimi: achukue, lakini kwanza alete linaloweza kazi yake. Aje na rimu, aje na honi, aje na hiyo simu ikaite. Ninyi mtakaa huko mnakocheza, na mtaniambia wenyewe mlipoitwa mlikuja au hamkuja.

Na siku itakapofika niligonge kwa mara ya mwisho, nanyi hamtajua kwamba ndiyo ya mwisho, msikimbilie mnunuzi. Litafutieni kwanza mtu mwenye watu wa kuita. Kwa leo nimeweka maji ya ugali jikoni. Mtakaposikia, njooni.